Usiguse Kitu, Mama

Nyumbani kwetu Seven Hills kuna kompyuta tatu, na zote zinaitwa Nyumbani. Jina hilo hatukulichagua sisi. Lililetwa na fundi, kaka mmoja Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, ambaye siku za kazi hulisha na kuogesha wazee katika nyumba ya wazee, na Jumamosi huwatengenezea Waafrika wanaoishi magharibi ya Sydney simu, kompyuta na, mara moja, kwa ujasiri mtupu, friji. Alipotuwekea programu mpya alizitoa zote kwenye flashi moja, na jina likaja humohumo. Nilimuuliza kama halitaleta utata. Akaniuliza kama kuna kompyuta yoyote kati ya hizo isiyokaa nyumbani. Nikamwekea chai.

Siku hiyohiyo alituunganishia njia ya kuingia kwenye kompyuta hizo tukiwa mbali. Aliyeitaka njia hiyo ni mume wangu. Yeye ni nesi wa chumba cha upasuaji huko mjini, na alidai kwamba mtu wa taaluma yake hawezi kukaa hivihivi bila kuzifikia nyaraka zake. Fundi akatueleza kwamba kwa mtu aliye nje, nyumba yetu ni kama nyumba ya kupanga ya Ujiji. Mlango wa barazani ni mmoja, ndani wapangaji ni wengi. Ukibisha ukasema unamtaka mpangaji, watakuuliza yupi. Rauta, kile kisanduku cha intaneti, ndiyo mlango, kila kompyuta ina namba yake ya chumba, na mgeni lazima aijue namba. Yalikuwa maelezo mazuri, tuliyasifu sana. Hakuna aliyeziandika zile namba.

Mwaka ukapita bila mtu kuingia popote. Kisha mama yangu akaja kutoka Mpwapwa.

Mama ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Alikuja kuwaona wajukuu, kwa viza ya matembezi ya miezi sita. Nataka niseme ukweli kuhusu jinsi bibi anavyopokewa katika jamii yetu hapa, maana kanisani watu husema mambo mengine. Wiki ya kwanza ni sherehe. Watu wanaleta wali, wanapiga picha, wanasema umebarikiwa. Wiki ya pili bibi anaonyeshwa njia ya shuleni. Wiki ya tatu amekabidhiwa kadi ya basi, ufunguo na kofia ya jua, na kufikia mwezi wa pili ratiba yake imejaa kuliko ya daktari. Jirani yetu Mkenya, nesi wa zamu, aliniomba nimwazime mama yangu kila Alhamisi. Alitumia neno hilohilo, kuazima, na mimi nikasema nitaangalia ratiba.

Ratiba niliiandika mimi. Ilibandikwa kwenye friji kwa sumaku. Asubuhi, uji. Saa nane na nusu mchana, kutoka kwenda shule. Saa tisa, kuwapokea watoto getini. Kuanzia hapo mpaka saa kumi na mbili, kuwa nao. Binti yangu ana miaka tisa, mdogo wake sita, na wote wanamwelewa bibi yao vizuri anapowasemesha Kiswahili, ila wanamjibu Kiingereza, na yeye anawajibu Kiswahili, na mazungumzo yanaendelea hivyo mpaka mtu achoke. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nawakuta wameoga, wamekula, wamesoma. Sijawahi kuishi vizuri hivyo katika nchi hii. Siku moja nilijikuta naimba nikiwa kwenye treni, na watu wakahama viti.

Katika ratiba ile hapakuwa na kitu ambacho Mama angekifanya kwa sababu anakitaka. Palikuwa, badala yake, na orodha ndefu ya mambo ambayo nilimwomba asiyafanye. Asiguse kiyoyozi. Asiguse jiko la umeme kabla sijamwonyesha tena. Asimfungulie mtu mlango. Asiguse king'ora cha moshi hata kikilia. Asiwakemee watoto wa watu uwanjani, maana huku kuna taratibu. Mtu aliyeongoza walimu kumi na wanne na wanafunzi mia saba kwa kengele ya chuma alikuwa anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema, "Haya."

Kwa haya yake hiyo mimi nikaona tumeelewana. Nilikulia mikononi mwake, nikaambiwa haya tangu sijaota meno, na bado nikaona tumeelewana.

Jambo moja tu alikataa kubadilika. Kila akimaliza kufagia sebule alizima swichi zote ukutani: televisheni, taa ya mezani, rauta mara mojamoja, na ile kompyuta kubwa ya zamani iliyo pembeni ya dirisha. Kisha anaifunika kompyuta kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kwao Mpwapwa umeme hukatika, na ukirudi hurudi kwa hasira, unaunguza friji ya mtu mchana kweupe. Nilimweleza kwamba huku hauji hivyo. Mume wangu akabandika karatasi ukutani, imeandikwa kwa Kiingereza, usizime. Mama aliisoma, akaipangusa vumbi, akazima.

Sasa nije kwenye Ijumaa yenyewe.

Viza ya Mama ilikuwa inaisha Jumamosi, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumamosi jioni. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba haondoki. Ningeomba aongezewe miezi sita mingine, na ombi likishatumwa ningesogeza tiketi mbele. Ombi lilijazwa kwenye tovuti ya serikali, na tovuti ilikuwa imetangaza kwa herufi nyekundu kwamba itafungwa kwa matengenezo kuanzia Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumapili. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: karatasi ziingie kabla ya saa kumi na moja, la sivyo kesho yake Mama anapanda ndege. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilikuwa nimengoja wiki sita, kwanza barua ya daktari, kisha barua ya benki, kisha hamu.

Karatasi zote zilikuwa tayari. Nilizipiga skani usiku wa Alhamisi, nikaandika na barua ya maombi, nikalala kwa amani. Kabla ya kulala nilipita chumbani kwa Mama nikamkuta anakunja vitenge na kuvipanga ndani ya sanduku. Nikamwambia asijichoshe bure, tutaongeza muda. Akasema haya, akaendelea kukunja.

Kazini kwangu ni Wetherill Park, ghala kubwa la vipuri, na mimi ndiye karani wa mizigo inayoingia. Ijumaa hiyo makontena mawili yalikuwa yanashushwa, na bila saini yangu hakuna boksi linalosogea. Nilipanga nitume ombi wakati wa chakula cha mchana, kwa laptopu yangu ndogo, maana kompyuta za ofisi hazituruhusu kufungua chochote chenye raha. Saa saba nikakaa kwenye chumba cha chai, nikafungua begi kutafuta flashi. Haikuwemo. Niliiona wazi akilini ilipo: imechomekwa kwenye kompyuta ya sebuleni, ile yenye skana, ikiwa na karatasi zote za mama yangu.

Kurudi nyumbani haikuwezekana. Gari alikuwa nalo mume wangu. Kwa basi mpaka Parramatta na treni mpaka Seven Hills, kwenda na kurudi, makontena yangeota nyasi. Nikampigia mume wangu, simu iko kwenye kabati na yeye yuko kwenye upasuaji. Hapo ndipo nilipokumbuka nyumba ya kupanga ya Ujiji.

Nilifungua ile programu ya kuunganisha. Ikaniletea orodha: Nyumbani, Nyumbani, Nyumbani. Mbili zilikuwa za kijivu, yaani hazipatikani, moja ina taa ya kijani. Nikamshukuru Mungu kwa taa ya kijani, nikabisha, nikafunguliwa.

Ilikuwa laptopu ya mume wangu. Aliiacha wazi kitandani, na mbele ya macho yangu, nikiwa na kipande cha chapati mkononi, zikatokea nyaraka zake za kitaaluma. Zilikuwa Hilux. Hilux nyeupe, Hilux ya fedha, Hilux yenye snorkeli ya kupitia mito, na mnada mmoja ambao alikuwa anaongoza. Mwezi wa nne aliniapia kwamba mambo ya Hilux yamekwisha moyoni mwake. Huo ni ugomvi mwingine, tuliufanya baadaye na ulikwenda vizuri, lakini nautaja kwa faida ya yeyote anayetaka kuingia kwenye kompyuta za nyumbani kwake bila kujua namba ya chumba.

Nikampigia fundi. Alipokea kwa sauti ya chini.

"Dada, niko kazini, niko nalisha mzee hapa. Sema haraka."

Nikamweleza. Akaniuliza naona nini, nikamwambia naona magari. Akacheka kidogo, akamwambia mtu afungue mdomo, kisha akarudi kwangu.

"Hiyo si yenyewe, toka. Wewe unataka ile ya salon, ya sebuleni, namba yake inaisha na kumi na mbili. Lakini iko gris, dada, kijivu. Haina courant. Mtu amezima kwa ukuta. Mimi hapa sina dawa, mashine imekufa huwezi kuiita."

Nilikijua kidole kilichoizima. Nilikasirika, na nakiri kwamba nilikasirika kwa furaha, kama mtu aliyeonya mara mia na sasa amepata ushahidi. Nikampigia mama yangu.

Lakini mtu hampigii mama yake akaanza na swichi. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akauliza nini. Akaniuliza kama mgongo bado unauma, kama baba watoto aliondoka na sweta, na kama nimesikia kwamba yule jirani wa kushoto amepata mjukuu, amemwambia mwenyewe kwenye uzio. Nilikuwa nimemwomba asiongee na jirani wa kushoto. Saa ya ukutani kwenye chumba cha chai ilikuwa inakwenda kwa mwendo wake wa kila siku, na mimi najibu salamu.

Mwishowe nikafika. Nikamwomba aende sebuleni, awashe swichi ya ukutani ya kompyuta, atoe kitambaa, abonyeze kitufe kikubwa cha duara. Nilimweleza polepole kwa sauti ya juu, na kila hatua niliirudia mara mbili. Karani mwenzangu aliyekuwa anapasha moto supu aliniuliza baadaye kama mama yangu ni kiziwi.

"Imewaka," Mama akasema.

"Haya. Sasa kaa hapo mbele yake, Mama, uniangalizie isizime. Mimi nitaiendesha kutoka huku. Utaona mshale unatembea wenyewe, usiogope. Na usiguse kitu, Mama. Usiguse kitu chochote."

"Haya," akasema, nikasikia anavuta kiti.

Nikakata simu. Kwenye orodha, Nyumbani ya pili ikawaka kijani. Nikabisha, nikaingia, na sasa nikaona kioo cha sebuleni kwangu: picha ya watoto wakiwa ufukweni na ikoni zimetapakaa juu ya nyuso zao. Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri zaidi. Nikafungua flashi, nikaanza kuvuta karatasi moja moja. Pasipoti, imekuja. Barua ya daktari, imekuja. Barua ya benki ilichukua muda, ikaja. Nilikuwa natabasamu peke yangu. Nilijiona mtu mwenye akili, anayekaa Wetherill Park na mkono wake unafika Seven Hills.

Ilibaki barua ya maombi. Tarehe yake nilikuwa nimeikosea, kwa hiyo nikaifungua niirekebishe kwanza.

Barua ile niliiandika kwa Kiingereza na kwa sauti ya Mama, kwa kuwa mwombaji ni yeye. Ilianza kwa kusema kwamba mimi, mwalimu mstaafu na mjane, naomba kwa hiari yangu mwenyewe kuendelea kukaa na familia yangu. Ikaeleza furaha ninayoipata. Ikataja bustani za Sydney, ambazo Mama alikwenda mara moja, mvua ikanyesha. Aya ya tatu ndiyo niliyojivunia, maana nilisikia maafisa wanapenda kuona mwombaji hana haraka wala hana kimvutacho. Ilisema: sina majukumu yoyote yanayonisubiri Tanzania.

Nilibadilisha tarehe. Nikapeleka mshale pembeni ili nihifadhi, na mshale ukakataa.

Nilidhani ni mtandao. Nikausukuma tena. Ukarudi mwenyewe, ukapanda kwenye aya ya tatu, ukasimama mwanzoni mwa sentensi ile. Kisha sentensi ikaanza kupakwa rangi ya buluu, neno baada ya neno, bila kuharakisha, mpaka kwenye nukta. Ikatoweka.

Hapo tu, na nina shahada ya biashara, ndipo nilipoelewa kwamba mtu aliyekaa mbele ya kompyuta anaona yale yale ninayoyaona mimi. Na kwamba mtu huyo alifundisha Kiingereza darasa la sita na la saba kwa miaka thelathini na tano.

Ningependa kuandika kwamba nilipigwa na aibu papo hapo. Sivyo ilivyokuwa. Nilibonyeza vitufe viwili vya kurudisha, na sentensi ikarudi. Mama akaifuta. Nikairudisha. Akaifuta, kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba ubao ni wake. Tulifanya hivyo mara nne, mimi chumba cha chai na yeye sebuleni, tukivutania sentensi moja bila kusema neno, na jasho linanitoka. Mara ya tano sikurudisha, kwa sababu aliwahi kuandika mahali pake.

Aliandika haraka. Nilitegemea kidole kimoja kinachotafuta herufi, yakaja maneno mazima, yamefuatana, na nafasi mbili baada ya kila nukta. Nilikuwa nimesahau taipureta ya ofisi yake. Nilikuwa nalala kwenye mkeka chini ya meza ile nikiwa mdogo, nasikia ikipiga ripoti za shule nzima.

Aliandika kwa Kiswahili, katikati ya barua yangu ya Kiingereza:

"Watoto saba wa darasa la pili hawajui kusoma. Nawafundisha barazani kwangu Jumanne na Alhamisi. Wazazi wao waliniamini niliposema narudi baada ya miezi sita. Hayo ni majukumu."

Kisha chini yake:

"Sijaomba hili."

Mshale ukatulia hapo. Nje watu wa forklifti walikuwa wanaita jina langu la kazini, makontena yanataka saini. Nilikuwa na kila nilichohitaji. Pasipoti ninayo, barua ya daktari ninayo, na barua yenyewe ningeweza kuiandika upya kwa dakika kumi, hapo hapo, kwenye laptopu yangu, ambako hakuna mkono mwingine ungeingia. Saini yake nilikuwa nayo kwenye skani. Saa zilikuwa zinatosha. Nilifikiri jambo hilo kwa makini, na nilifikiri zaidi juu ya saa tisa mchana, geti la shule, na nani atasimama pale Jumatatu. Nampenda mama yangu. Lakini picha iliyonijia ilikuwa ya geti.

Nikaweka vidole kwenye vitufe. Chini ya maneno yake nikaandika, na nikaona herufi zangu zinatokea kwenye kioo cha sebuleni kwangu, mbele ya uso ambao sikuuona:

"Mama, unataka kukaa?"

Mshale ukashtuka tena.

"Ungeniuliza mwezi wa kwanza ningekwambia hapana. Hukuniuliza kwa sababu ulijua."

Machozi yalinitoka nikiwa nimeshika chapati. Yule karani wa supu aliniona, akatazama bakuli lake kwa adabu. Nilitaka kuandika kwamba si kweli, kwamba sikujua, na vidole vikakataa, maana nilijua. Nilijua Jumapili zote alizokuwa anapiga simu Mpwapwa na kuuliza watoto fulani wamefikia silabi gani, na mimi nageuza maandazi najifanya sisikii. Nilijua nilipoona sanduku.

Nikaandika tu, "Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Tarehe uliyoweka bado ina makosa. Sasa ni saa nane na nusu. Naenda kuwachukua watoto."

Nikamwona, maana sasa kuuona mshale ilikuwa ni kumwona yeye, anakwenda kwenye pembe ya barua, anaifunga. Kompyuta ikamuuliza kama anataka kuhifadhi mabadiliko. Akafikiri. Akahifadhi.

Nilifunga tovuti ya serikali bila kutuma kitu. Nikaosha uso, nikaenda kusaini makontena, na saini zangu za siku ile hata mimi mwenyewe nisingezitambua. Halafu nikamfuata bosi.

Bosi wangu ni mzee wa Kiaustralia, mtu wa maneno machache, ambaye katika miaka minne ameniuliza habari za mizigo tu. Alikuwa amesimama kwenye mlango mkubwa wa ghala, anaangalia forklifti isigonge nguzo iliyokwisha kugongwa mara mbili. Nikamwambia naomba, kuanzia Jumatatu, niwe natoka mapema nikawachukue watoto shule, na saa zilizobaki nitazifidia asubuhi. Akauliza kwani aliyekuwa akiwachukua amepatwa na nini. Nikamwambia ni mama yangu, anarudi kwao kesho.

"Alitaka kukaa zaidi, au?" akauliza.

Aliliuliza hivyohivyo, bila kugeuza macho kutoka kwenye forklifti, kama mtu anavyouliza kama nje kuna mvua, swali ambalo mimi lilinichukua miezi sita na kompyuta mbili kumuuliza mama yangu.